Kumpata mwanafunzi wa uzamivu (PhD) wa sayansi kutoka Pemba na kumfikisha kwenye mahafali: mwongozo kamili kwa wasimamizi na wakuu wa idara

Kila mwaka kauli huwa ile ile. "Tumetangaza nafasi za uzamivu, Wapemba hawakuomba." Au: "Aliomba dada mmoja, tukampa nafasi, mwaka wa pili akarudi kwao." Mwaka unaofuata idara inalitoa tena tangazo lile lile, kwa njia ile ile, na matokeo hayabadiliki.

Kosa liko kwenye mpangilio wa kazi. Mtu ambaye hajawahi kumwona jirani au ndugu akisomea uzamivu wa sayansi hatafutwi kwa tangazo. Anatafutwa miezi mingi kabla ya tangazo. Na nafasi yake ya kumaliza huamuliwa kwenye bajeti, kabla hata jina lake halijajulikana.

Mwongozo huu ni wa wenye madaraka ya kuchagua na kusimamia. Mifano mingi ni ya Pemba, lakini hatua hizi zinamfaa pia mwanamke wa Makunduchi, kijana wa Tumbatu na mtu mwenye ulemavu anayeishi mjini Unguja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na zaidi ya nusu milioni kati yao wako Pemba. Chukua orodha ya wanafunzi wako wa uzamivu uiweke kando ya hesabu hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya waombaji na wanafunzi wa uzamivu wa miaka mitano iliyopita: alikosomea sekondari, jinsia, ajira yake wakati anaomba, na alikoishia.
- Mratibu mmoja anayejulikana kwa jina, aliyepunguziwa saa za kufundisha ili kazi hii aifanye kweli.
- Barua ya makubaliano na angalau taasisi moja iliyoko Pemba. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iko Wawi, Chake Chake, tangu 2000, na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ina kampasi ya Benjamin Mkapa huko huko Pemba.
- Chumba chenye intaneti ya uhakika upande wa Pemba, kwa usaili na vikao.
- Bajeti yenye mstari wa nauli, wa kodi ya nyumba na wa dharura. Maelezo yako Hatua ya 6.
- Fomu ya makubaliano kati ya msimamizi na mwanafunzi.

Onyo: kama mstari wa nauli na dharura umekataliwa, simama hapo ukaupiganie kwanza. Kumleta mtu kutoka Mkoani au Micheweni bila fedha hizo ni kumwingiza kwenye deni.

## Hatua ya 1: Jua mnawapoteza wapi

Igawe safari ya mwanafunzi katika vituo vinne: kuomba, kuchaguliwa, kumaliza mwaka wa kwanza, kuwasilisha tasnifu. Pitia orodha yako ya miaka mitano, uandike kila mmoja aliishia kituo gani.

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba kila kituo kina dawa yake. Kama hawaombi, kazi iko Hatua ya 2 na ya 3. Kama wanaomba na hawachaguliwi, tazama ya 4. Kama wanaingia kisha wanaondoka, tatizo liko kwenye fedha na usimamizi. Idara nyingi hushughulika na kuomba tu, kwa sababu bango halichukui muda kulitengeneza.

Wapigie simu walioondoka. Asipige aliyekuwa msimamizi wao; apige mtu mwingine, na asiwe na fomu mkononi. Kwenye faili utakuta pameandikwa "sababu za kifamilia". Ukisikiliza kwa utulivu, mara nyingi utasikia posho iliyochelewa, msimamizi asiyejibu barua pepe, au mwajiri aliyemtaka arudi kazini.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja: tunawapoteza hapa, kwa sababu hii.

## Hatua ya 2: Waendee walipo

Mwenye shahada ya uzamili ya sayansi aliyeko Pemba hajakaa barazani akisubiri tangazo lako. Anafundisha kemia kwenye skuli ya sekondari Wete. Anapima sampuli Wawi. Ni ofisa uvuvi anayeandika samaki wanaoshushwa madikoni, au bwana shamba anayezunguka kwenye mikarafuu, au daktari katika Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani.

Hawa ndio watu wako, na wana kitu ambacho kijana aliyetoka moja kwa moja darasani hana: wanalijua tatizo kwa kulishika. Aliyefuatilia kichocho kwa watoto wa skuli anajua ni mabwawa gani watoto wanarudi kuoga baada ya kumeza dawa. Bwana shamba amewaona wakulima wakiacha mabonde ya mpunga kwa sababu maji ya bahari yanaingia. Wapo wanaowafahamu popo wa Pemba katika msitu wa Ngezi kwa miaka, na wapo waliokaa na akina mama wa mwani wakiuliza kwa nini mwani unaoza kabla ya kuvunwa. Kila moja ya hizo ni tasnifu.

Fanya hivi:

1. Panda boti uende. Panga kulala, usiende asubuhi ukarudi jioni. Uliza kwanza kama msimu wa karafuu umepamba, maana wakati huo watu wako mashambani na mikutano yako itakuwa na viti vitupu.
2. Anza kwa mwajiri. Mkuu wa skuli au wa taasisi ndiye atakayempoteza mtumishi kwa miaka mitatu au zaidi. Mweleze atakachopata: mtumishi atakayerudi na ujuzi, utafiti utakaofanyika kwenye eneo lake, pengine kifaa kitakachobaki. Maombi mengi hufia kwenye ruhusa ya masomo, hata pale mwombaji mwenyewe anapokuwa na sifa zote.
3. Kaa na mtu mmoja mmoja. Muulize anachokiona kazini kwake kisichoelezeka. Mwache azungumze. Mada ya utafiti huanzia hapo.
4. Kwa mwanamke mwenye familia, muulize yeye kama angependa uzungumze na mume wake au wazee wake. Akisema ndiyo, nenda kwa heshima, ukiwa na majibu kuhusu nyumba, usalama na fedha. Akisema hapana, basi. Kwenda nyuma ya mgongo wake ni kumvunjia heshima hata kama nia yako ni njema.
5. Kwa watu wenye ulemavu, pitia SHIJUWAZA, shirikisho la jumuiya zao, uulize nani ana shahada ya sayansi. Nenda ukiwa tayari unajua maabara yako ina ngazi ngapi na mlango wake una upana gani.

Onyo: usiahidi ufadhili ambao haujaingia kwenye akaunti. Ahadi moja iliyovunjika Chake Chake itasikika Wete kabla hujapanda boti ya kurudi.

Alama ya mafanikio: kabla tangazo halijatoka, una majina ya watu watano au sita, na kila mmoja anaweza kukueleza kwa dakika mbili anachotaka kukichunguza.

## Hatua ya 3: Andika tangazo linalojibu maswali ya mtu mwenye ajira na watoto

Matangazo mengi yameandikwa kwa kijana asiye na mke, asiye na kazi, anayeishi mjini. Lako lijibu haya bila mtu kulazimika kupiga simu:

Posho ni shilingi ngapi kwa mwezi, na inalipwa tarehe gani? Ada inalipwa na nani? Je, lazima aache kazi? Utafiti wa uwandani unaweza kufanyika Pemba? Akipata ujauzito katikati ya masomo, nafasi yake inalindwa vipi? Nani apigiwe simu, kwa namba gani?

Liandike kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Lipeleke kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu wa sayansi, ofisi za wizara zilizoko Pemba, na redio za jamii kama ya Micheweni.

Kisha futa masharti yasiyo na kazi. Ukomo wa umri unawaondoa wanawake waliolea watoto kwanza wakasoma baadaye. Kudai awe ameshachapisha makala kunawaondoa wote ambao hawajawahi kuwa karibu na kundi la utafiti. Kudai vyeti halisi viletwe kwa mkono chuoni Tunguu, Unguja, kunamgharimu mtu wa Konde, Pemba, nauli na siku za kazi. Vipokee kwa barua pepe au kwenye kampasi ya Pemba.

## Hatua ya 4: Soma maombi na fanya usaili kwa haki

Vigezo viandikwe na vikubaliwe kabla ya bahasha ya kwanza kufunguliwa. Kila ombi lisomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, ndipo walinganishe alama. Vigezo vikitungwa baada ya majina kuonekana, huwafuata watu ambao kamati tayari inawafahamu.

Wastani wa alama za shahada usiwe mlango pekee. Aliyesoma huku akifundisha vipindi thelathini kwa wiki si sawa na aliyesoma akiwa dakhalia bila kazi nyingine. Tazama alama za masomo yanayohusu mada, na tazama mwelekeo: zilipanda au zilishuka?

Barua za wadhamini ziangalie kwa makini. Mkuu wa skuli ya kijijini hajazoea kuandika barua za kitaaluma, ataandika mistari minne. Hiyo si dalili ya udhaifu wa mwombaji. Mtumie mdhamini maswali matatu ya wazi: umemwona akitatua tatizo gani, anafanyaje kazi mambo yanapokwama, na ungemkabidhi jukumu gani zito?

Usaili ufanyike Pemba, au mtandaoni katika kile chumba chenye intaneti. Usimwachie mwombaji atafute bando na mahali penye mtandao siku ambayo maisha yake yanategemea dakika arobaini. Waombaji wote waulizwe maswali yale yale.

Mwanzo wa usaili mpe nafasi aeleze utafiti wake kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Unachopima ni fikra za kisayansi. Kiingereza cha kuandikia makala kinafundishika, na mpango wa kukifundisha uko Hatua ya 8. Na lafudhi ya Kipemba isichekwe, hata kwa utani wa kirafiki. Mwombaji aliyechekwa dakika ya kwanza hatatoa hoja yake nzuri dakika ya kumi.

Onyo: usimuulize mwanamke kuhusu ndoa na watoto. Ukitaka kujua kama atavumilia, waulize wote swali moja: tueleze kazi iliyokushinda kwanza, kisha ukaendelea nayo.

## Hatua ya 5: Kwa aliyekaribia lakini hajafika, jenga daraja

Mtapata mwombaji mwenye wazo zuri ambaye takwimu zake ni dhaifu, au uzamili wake haukuwa na utafiti. Kumkataa ni rahisi. Kumpokea hivyo hivyo ni kumtupa majini.

Huko Marekani, vyuo vya Fisk na Vanderbilt mjini Nashville vilianzisha mwaka 2004 mpango wa kuvuka kutoka uzamili hadi uzamivu. Mwanafunzi husoma uzamili Fisk, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi, huku akifanya utafiti na wasimamizi wa Vanderbilt, hivyo anapoomba uzamivu maabara inamjua na yeye anaijua. Jambo la kuiga ni kule kujuana kabla ya maombi. Kwetu inawezekana: miezi sita hadi kumi na mbili kama msaidizi wa utafiti mwenye posho, akisoma takwimu na uandishi, na msimamizi mtarajiwa akimpitia kila mwezi. Mwisho wa kipindi hicho anaandika pendekezo la utafiti na kuingia kwenye usaili kama wengine.

## Hatua ya 6: Panga fedha kama mtu anayejua maisha ya Unguja

Hapa ndipo wengi wanapotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwanafunzi anayehamia Unguja hukutana na mwenye nyumba kabla hajakutana na msimamizi. Wenye nyumba wengi wa Fuoni, Mwanakwerekwe na Tunguu wanataka kodi ya miezi mingi kwa mkupuo. Posho ya mwezi mmoja haitoshi. Kwa hiyo malipo ya kwanza yatolewe kabla hajasafiri, na yawe na kodi ya angalau miezi sita ndani yake.

Weka mistari hii kwenye bajeti, kila mmoja peke yake:

- nauli ya Unguja na Pemba, kwa utafiti na kwa kwenda kuona familia;
- kodi ya mwanzo;
- kompyuta na bando;
- ada za vibali na maadili ya utafiti;
- malezi ya mtoto wakati wa kazi za uwandani;
- ukalimani wa lugha ya alama au programu ya kusoma maandishi, kwa anayehitaji;
- gharama za kuchapisha makala na kuchapa tasnifu;
- dharura.

Mstari wa dharura ndio wenye thamani kuliko yote. Wafadhili wengi hawatoi awamu inayofuata mpaka ripoti iliyotangulia ikubaliwe, na ripoti hukaa kwenye ofisi za fedha wiki hata miezi. Mwenye wazazi mjini atakula kwao. Mwenye wazazi Kojani atakopa, na mkopo wa tatu ndio unaomrudisha nyumbani. Idara iwe na akiba ya kumlipa mwanafunzi posho ya miezi miwili au mitatu wakati fedha za mfadhili zinasubiriwa, kisha ijirudishie.

Vyanzo vya kugonga: Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia, kwa wanawake wa sayansi wanaosomea uzamivu, ruzuku za utafiti za MARG za WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambayo makao yake yako hapa hapa Zanzibar, kwa utafiti wa bahari, na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo. Msaidie mwanafunzi kuandika maombi ya ziada mapema, maana vyanzo hivi huwa na tarehe zake na havingoji kalenda ya chuo.

Utajua umefanikiwa pale mwanafunzi anapokuwa hajaulizia posho yake hata mara moja kwa mwaka mzima.

## Hatua ya 7: Weka usimamizi kwenye maandishi

Kila mwanafunzi awe na wasimamizi wawili, na kama utafiti uko Pemba, mmoja awe anafanya kazi Pemba. Wiki ya kwanza wote watatu wasaini makubaliano yanayosema: vikao kila wiki mbili, sura iliyotumwa irudishwe na maoni ndani ya siku kumi na nne, nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala zipi, data ni za nani, na namna ya kubadilisha msimamizi bila ugomvi. Kipengele hicho cha mwisho ni muhimu sana. Kwetu mdogo hamlalamikii mkubwa. Bila njia iliyoandikwa, mwanafunzi mwenye adabu atanyamaza mpaka aondoke.

Linda mada yake. Tabia moja imeumiza wengi: mwanafunzi wa Pemba anageuzwa mkusanya sampuli wa miradi ya wengine kwa sababu anavijua vijiji na sheha anamwamini. Miaka miwili inapita akibeba masanduku ya barafu, hana data zake. Kazi ya nje ya tasnifu iwe na kikomo cha saa kwa wiki, ilipwe, na jina lake liwe kwenye makala.

Vibali vianze mapema. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya utafiti, na utafiti wa afya hupitia kamati ya maadili ya hapa. Kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, cha upande wa Bara peke yake hakimruhusu kuanza. Baada ya hapo ziko barua za wilaya na shehia. Mratibu amsindikize safari ya kwanza.

Maabarani na uwandani kuna mambo madogo yanayomwambia mtu kama mlimtarajia. Hijabu ya pamba iliyobanwa ndani ya koti ni salama. Kitambaa chepesi cha nailoni karibu na moto si salama, na hilo lisemwe kwenye mafunzo ya usalama kwa wote, bila kumnyooshea mtu kidole. Majaribio ya saa kumi na mbili mfululizo yasipangwe Ramadhani kama yanaweza kusogezwa. Kwenye kazi za kulala nje, mwanamke asiwe peke yake, na nyumba ya kufikia iwe imeshaonwa na mtu mnayemwamini.

## Hatua ya 8: Asiwe peke yake, hasa mwaka wa pili

Pokea wawili au watatu kwa pamoja, hata kama itabidi kusubiri mwaka. Mpango wa Meyerhoff wa wanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, Marekani, ulioanzishwa 1988, umewapeleka wanafunzi wengi weusi kwenye uzamivu wa sayansi. Nguzo zake ni mafunzo ya kiangazi kabla ya mwaka wa kwanza, kuishi pamoja, na kusoma kwa makundi badala ya kila mtu kujifungia na aibu yake.

Mwaka wa pili ndio wa hatari. Masomo ya darasani yamekwisha, tasnifu iko mbali, majaribio yanakataa, na nyumbani wanauliza utamaliza lini. Anzisha kikao cha kuandika kila wiki, saa mbili, siku isiyobadilika, chai ya idara. Kila mmoja alete ukurasa mmoja. Wausome pamoja na mtu anayejua uandishi wa Kiingereza wa kisayansi, arekebishe hoja kwanza, sarufi baadaye. Aliyeko Pemba aingie kwa mtandao.

Dalili za kushtukia: amekosa vikao viwili, hajibu ujumbe, anasema "naendelea vizuri" bila kuonyesha chochote. Mratibu ampigie simu wiki hiyo hiyo. Simu hiyo ianze kwa kumjulia hali yeye na wazee wake, ndipo ifike kwenye kazi.

## Hatua ya 9: Miezi sita ya mwisho

Hapa posho nyingi huwa zimekwisha na mwajiri ameshaandika barua ya kumwita. Mratibu aonane na mwajiri tena, na barua ya chuo yenye tarehe ya kuwasilisha tasnifu, aombe muda au siku mbili kwa wiki. Fedha za kuchapa tasnifu na nauli ya siku ya utetezi wa tasnifu zitolewe kabla, zisiwe za kurudishiwa baadaye.

Baada ya utetezi kuna marekebisho, na kuna watu waliofaulu utetezi kisha wakakaa mwaka bila cheti kwa sababu hakuna aliyewaulizia. Panga tarehe ya marekebisho siku ile ile ya utetezi, msimamizi akiwepo. Ukishapokea nakala ya mwisho iliyosainiwa, mwombe mhitimu akubali kuwa mtu wa kupigiwa simu na waombaji wa mwaka ujao, na namba yake, kwa ridhaa yake, iingie kwenye tangazo.